Shali Si Kitambaa cha Kochi

Kiumbe wa kwanza kufaidi shali niliyoifuma kwa mikono yangu mwenyewe alikuwa kuku. Mke wangu aliipokea, akaigeuza, akaigeuza tena akitafuta upande wa mbele, kisha akaenda nayo jikoni akamtandikia kuku mwekundu aliyekuwa akiatamia mayai. Kuku aliikubali bila maneno. Sijapata sifa nyingine ya dhati kama ile, na namshukuru hadi leo, ingawa Krismasi tulimla.

Nilipompelekea habari hizo aliyenifundisha kufuma, nilitegemea atanionea huruma. Alikuwa amekaa barazani kwake, sindano zinakwenda, macho yake yako barabarani kwa wapita njia.

"Basi umenishinda," alisema. "Ya kwako imempa mtu joto."

Nikamwambia ni kuku, si mtu.

"Hata kuku," akasema, na sindano zikaendelea.

Hapa Izigo, wilayani Muleba, tulimwita Mama Mchungaji, Walutheri wenyewe na sisi Wakatoliki, ingawa mchungaji alikuwa amefariki kabla mimi sijahamia. Alikuwa jirani yangu. Kibanja chake, yaani shamba la migomba linaloizunguka nyumba, na changu vilipakana, na migomba yake iliinamia upande wangu kama inayotaka kusikia tunachozungumza. Mimi ni bwana shamba. Kazi yangu ni kuwaambia watu wapunguze matawi ya mibuni, na kazi yao ni kunikaribisha chai na kutoyapunguza. Nina stashahada ya kilimo, na kama Mhaya yeyote mwenye cheti, nimehakikisha umelijua hilo mapema.

Yeye alifuma shali za lesi. Sisemi sweta za shule wala kofia za watoto wachanga. Nasema shali za uzi mwembamba, zenye matundu yaliyopangwa hadi yakatoa majani ya mgomba, mbawa za senene, na michirizi ya mvua dirishani. Alijifunza usichanani kwa wamisionari wa kike, akaendelea kwa raha yake tu maisha yake yote. Hakuuza hata moja. Alizigawa kwa mabinti aliowafundisha mafunzo ya ndoa kanisani, kwa wajane, kwa waliotoka hospitali. Na kwa miaka yote hiyo alitaka kitu kimoja, na alikisema waziwazi kwa yeyote aliyekuwa tayari kumsikiliza: aione shali yake mabegani mwa mtu.

Hakuwahi kuiona. Maana kwetu kitu cha kufumwa, chenye matundu na chenye ncha za kuning'inia, kina mahali pake panapojulikana, na mahali penyewe ni kwenye kochi. Ingia sebule yoyote kuanzia Muleba hadi Bukoba mjini, utakuta vitambaa mgongoni mwa kochi, kwenye mikono ya kochi, juu ya meza, juu ya televisheni, na juu ya redio iliyokufa ambayo hakuna mwenye moyo wa kuitupa. Kitambaa kinamwambia mgeni kwamba nyumba hii ina mama anayejiheshimu. Sasa mtu akipewa kitu kizuri kuliko vitambaa vyake vyote, akivae aende nacho shambani? Akiingize kwenye moshi wa jikoni? Hakuna aliyemdharau Mama Mchungaji. Walimheshimu mno, na heshima yenyewe ndiyo iliyomtesa.

Mimi nisingejua lolote kati ya haya kama nisingeanguka na pikipiki. Ningependa kusema nilikuwa nikimkwepa mtoto. Nilikuwa nikimkwepa bata, na bata hakuwa hata katikati ya barabara. Mguu ukafungwa plasta, nikalazwa nyumbani kitandani kama gunia, na watu wakaanza kuja kunijulia hali. Wengi walikaa kidogo, wakasali, wakasimulia mtu waliyemfahamu aliyevunjika vilevile akabaki kilema, wakaaga. Mama Mchungaji alikuja na mkungu wa ndizi mbivu umebebwa na binti wa jirani, yeye mwenyewe amebeba mfuko wake wa uzi. Alisali sala fupi iliyofanana na maagizo, akaketi, akaanza kufuma. Hakuaga. Kesho yake alikuja tena.

Siku ya tatu au ya nne alinitazama nilivyolala.

"Mikono nayo imevunjika?"

"Hapana, mama."

"Basi shika."

Nikamweleza kwa upole, nikitumia sauti ninayotumia kwenye mikutano ya wakulima, kwamba kwa mila zetu mwanaume hafumi.

"Nyavu za pale ziwani nani anazifuma?"

"Wanaume."

"Wavu ni nini kama si matundu yaliyoshikana? Na shali ni hivyohivyo. Shika, waitu, usinichoshe."

Akanipa spoku mbili za baiskeli zilizonolewa kwenye jiwe, maana sindano zake za kweli, alizopewa na wamisionari, hakumkopesha mtu. Nilizishika namna ninavyoshika mkasi wa kupunguzia matawi. Aliniangalia kwa muda, akatikisa kichwa, akasema kwa Kihaya jambo lililomfanya mke wangu, aliyekuwa mlangoni, acheke mpaka akaenda kucheka nje. Kiswahili Mama Mchungaji alikitumia kwa kufundisha, kwa kanisa na kwa wageni. Akikerwa aliingia Kihaya bila kupiga hodi. Kwa hiyo masomo yangu mengi yalikuwa ya Kihaya.

Neno lake kubwa, hata hivyo, lilikuwa la Kiswahili, nalo ni "fumua". Kitanzi kikiponyoka, fumua. Ukizungusha uzi mara mbili badala ya mara moja, fumua. Nikimwonyesha kipande nilichohangaika nacho wiki nzima, alikipitisha vidoleni, akasimama mahali, akasema, "Hapa. Fumua." Hakuwa na hasira alipolisema. Alilisema kama mtu anayekuonyesha kilipo choo.

Alilitumia pia kwa mambo yasiyo ya uzi. Kwenye mkutano mmoja wa akina mama, walipokuwa wamebishana nusu ya asubuhi kuhusu rangi ya sare, alisimama akasema wafumue hadi pale walipokuwa bado wanapendana, waanzie hapo. Na nilimsikia akiwaambia vijana wawili waliokuja kwake ndoa yao ikiwa inatetereka: "Fumueni mpaka mlipokosea. Msifumue mpaka mwanzo. Kuna watu wanakosea mstari mmoja wanafumua nyumba nzima." Wale vijana bado wako pamoja, wanauza vifaa vya ujenzi Kagoma. Nilimkumbusha maneno hayo siku aliyoniamuru nifumue shali yangu yote.

"Wao walianza vizuri," alisema. "Wewe mwanzo wenyewe ndio kosa."

Uzi wake aliupata kwa namna ambayo sijaiona kwa mtu mwingine. Alikwenda sokoni Bukoba, kwenye mitumba, akanunua sweta za kizungu na kuzifumua. Lakini si sweta yoyote. Aliigeuza ndani nje, akaitazama pembeni, vipande vinapounganika. Kama kingo zimekatwa na kushonwa kwa mashine, aliirudisha hata iwe nzuri namna gani. "Hii imekatwa mkasi," aliniambia. "Ukiifumua utapata vipandevipande, tambi." Alitafuta iliyofumwa kila kipande kwa umbo lake, maana hiyo ukipata mwanzo wa uzi inakutoka yote kwa mkupuo mmoja. Wauzaji walimwogopa. Alikuwa anageuza rundo zima ndani nje na kuondoka na sweta moja iliyoliwa na nondo ambayo hakuna aliyekuwa anaitaka. Nyumbani aliifumua, akaufunga uzi kwenye mafungu, akaufua na kuutundika kati ya migomba na jiwe dogo chini ili unyooke. Ukipita kibanjani kwake siku hizo ungedhani migomba imeota ndevu.

Alikuwa na mambo yasiyopatana, na alikuwa nayo mengi. Alikemea majivuno, lakini hakutoka nje ya ua kama viatu havijang'aa. Alisema umbeya ni dhambi, na hapakuwa na kituo cha habari Izigo kinachoishinda baraza yake. Alichofanya ni kuuliza maswali tu, akaacha wengine watende dhambi. Alikuwa hana subira na kitu chochote duniani, foleni, mvua, mahubiri marefu, maharage yasiyoiva, isipokuwa uzi uliofungamana. Huo angekaa nao mchana kutwa akiufungua kwa ukucha, anaimba chinichini. Na mimi alinitania dini yangu bila kuchoka. Aliniita Mkatoliki wangu. "Mkatoliki wangu, umekosea tena. Nenda ukaungame kwa padri, halafu ufumue."

Shali ikikamilika aliiloweka, akaikamua ndani ya taulo, akaitandaza kitandani na kuivuta pande zote kwa pini mpaka matundu yakafunguka. Aliitandaza upande ule wa kitanda aliokuwa akilala marehemu mumewe. Nilimkuta siku moja akiivuta ncha ya mwisho, nikasimama mlangoni kwa heshima, nikiamini nimeingilia jambo la siri.

"Ingia," alisema. "Yeye mwenyewe hakuwahi kulala vizuri upande huu. Acha shali ilale."

Lakini alipomaliza alipapasa ukingo wa ile shali kwa muda kabla ya kuniambia nimletee kiti.

Kuhusu mimi na aibu yangu, nitasema kwa kifupi. Plasta ilipotolewa nilikuwa nimenogewa. Nilifuma kwa kificho. Kazi niliibeba chini kabisa ya begi langu la ofisini, chini ya vielelezo vya magonjwa ya kahawa, na nilifuma nikiwa peke yangu chini ya mibuni ya watu nikisubiri wakusanyike. Halafu siku moja, kwenye mkutano wa wakulima Kagoma, nilifika mahali pa kuwaonyesha tawi lenye ugonjwa. Nikaingiza mkono begini kwa mbwembwe, nikalitoa. Tawi lilikuja limevutana na spoku, spoku na uzi, uzi na kile kinachopaswa kuwa jani la mgomba. Watu wakatazama. Mzee mmoja wa mbele aliinama, akakishika, akakikagua kwa makini.

"Bwana shamba," aliuliza, "hii nayo inapuliziwa dawa gani?"

Hawakucheka mara moja. Walisubiri jibu, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi. Niliporudi na kumsimulia Mama Mchungaji, aliuliza swali moja tu: je, vitanzi vilitoka kwenye spoku? Nikasema ndiyo, karibu vyote. Akasikitika sana.

Tulirudi Kagoma pamoja baada ya muda, safari hii kumwona binti mmoja aliyemfundisha mafunzo ya ndoa na kumpa shali siku ya harusi. Ilikuwa shali nzuri kuliko zote nilizoziona, yenye mbawa za senene kuanzia shingoni hadi kwenye ncha. Nilimbeba Mama Mchungaji kwenye pikipiki, amekaa upande, mkoba mapajani, akiniamuru nipunguze mwendo kila tulipoona bata. Njiani aliniambia kwamba binti yule ni wa kileo, amesoma Mwanza, anajua mavazi. "Huyu atakuwa anaivaa," alisema. Alilisema mara kadhaa.

Tulikaribishwa vizuri sana. Yule binti alipiga magoti kumsalimia, akatuletea kahawa ya kutafuna, akaingia jikoni. Mimi niliiona kwanza, nikaombea Mama Mchungaji asiione, lakini kiti alichopewa kilikuwa kimeitazama moja kwa moja. Ilikuwa juu ya televisheni. Ncha yake ilishuka mbele ya kioo, na mtangazaji wa habari alikuwa anaongea nyuma ya mbawa za senene. Juu yake palikuwa na chombo cha maua ya plastiki. Binti aliporudi alifuata macho ya mgeni wake, akatabasamu kwa fahari.

"Mama, unaona nilivyoitunza? Hata watoto hawaruhusiwi kuigusa."

"Naiona," alisema Mama Mchungaji. "Wakola, asante, mwanangu. Umeitunza."

Alikula, akasali, akaaga kwa furaha. Tulipokaribia Izigo nilisikia sauti nyuma ya sikio langu: "Wangeondoa basi yale maua." Mimi nilikuwa na hasira kuliko yeye, hasira za mtu ambaye nyumbani kwake shali inalaliwa na kuku.

Alikwisha kujaribu njia nyingine kabla sijamjua. Waliniambia kwamba mwaka mmoja alisimama mbele ya akina mama kanisani, akamwita mmoja wao, akamvisha shali na kumzungusha ili wote waone namna inavyovaliwa. Walipiga makofi, wengine wakapiga vigelegele. Jumapili iliyofuata aliikuta imetandikwa chini ya kikapu cha sadaka. Walikuwa wamekaa kikao na kuamua kwamba kitu kizuri hivyo si cha mtu mmoja.

Nilimuuliza siku moja kwa nini asivae yeye mwenyewe. Ilikuwa siku ya mvua, ya ile mvua yetu inayoanza asubuhi na kusahau kwenda. Yeye alikuwa amejikunyata ndani ya sweta ya mtumba iliyotoboka kiwiko, sweta ya nailoni aliyokuwa ameikataa hata kuifumua.

"Nikivaa mimi watasema ni vazi la cheo," alijibu, "kama joho la mchungaji. Nataka avae mtu ambaye halazimiki."

"Na wewe nani amewahi kukufumia?"

Sindano zilisimama. Kwa muda niliomjua nilikuwa sijaziona zikisimama mstari ukiwa katikati.

"Mimi?" alisema. "Nani anifumie mimi? Niliowafundisha wote wanafuma vitambaa."

Kisha akaniambia nimekosea mstari wa chini, nifumue, na kweli nilikuwa nimekosea.

Hapo ndipo nilipoamua. Sikumwambia. Nilikuwa na sababu nzuri ya kutomwambia: mtu mwenye rekodi yangu hatangazi mipango. Nilifumua kila nilichokuwa nacho, nikaenda mwenyewe Bukoba sokoni, nikageuza sweta ndani nje mpaka muuzaji akaniuliza kama nimetumwa na yule bibi. Nikapata moja ya rangi ya kahawa mbichi, nikaifumua, nikatundika uzi kati ya migomba yangu usiku na mchana mpaka mke wangu akaniuliza kama nimeanza kuagua.

"Hii ni ya kuku gani?" aliuliza aliponiona naanza.

"Ni ya Mama Mchungaji."

Hakutania tena. Tangu siku hiyo, jioni nikikaa na spoku zangu, yeye ndiye aliyekwenda kumkatia mbuzi majani, kazi ambayo ni yangu, na hakuitaja.

Lakini mimi ni mtu wa polepole, na macho ya Mama Mchungaji hayakuwa ya polepole. Yaliingia ukungu, kwanza moja, halafu la pili. Akawa anafuma kwa vidole tu, bado vizuri kuliko mimi na macho yangu mawili na stashahada. Halafu mikono ikaanza kutetemeka. Halafu akaanguka kibanjani kwake, na bintiye anayefanya kazi Bukoba mjini akaja na gari kumchukua. Siku hiyo alibeba sindano zake zote, ingawa alijua kama sisi sote kwamba hatazitumia. Mimi aliniachia spoku zangu. "Zako hazikopesheki," alisema, "hakuna anayezitaka." Nilicheka, na gari lilipopinda kona sikuwa nacheka tena.

Baraza ikabaki tupu. Habari za Izigo zikawa hazina pa kupitia. Ilinichukua siku kadhaa kujua kwamba jirani wa nyuma amenunua ng'ombe. Nikafuma. Nilifika karibu na mwisho, majani ya mgomba yamepangana kushuka hadi nchani, na ndipo siku moja mchana niliitandaza mapajani nikaona. Jani moja, huko nyuma kabisa, karibu na shingo, lilikuwa limegeuka. Mengine yote yanatazama chini, lenyewe linatazama juu.

Nilijua la kufanya. Hakuna mtu Muleba nzima aliyeambiwa neno hilo mara nyingi kuliko mimi. Nilishika mwisho wa uzi nikiwa tayari, na simu ikalia. Alikuwa bintiye. Alisema mama hali vizuri chakula, analala sana, na amekuwa akiuliza kama yule Mkatoliki bado anafuma. Alisema, kama nina nafasi, nisikawie.

Niliachia uzi. Nilimaliza mistari iliyobaki, nikaifua, nikaitandaza kitandani upande wa mke wangu, kwa ruhusa yake, nikaivuta kwa pini. Ilikataa kunyooka. Upande mmoja ulikuwa mrefu kuliko mwingine. Asubuhi niliikunja, nikapanda gari la Bukoba, na njia nzima nilikuwa natunga maneno ya kujitetea kuhusu jani.

Nyumba ya bintiye iko mlimani, dirisha linatazama ziwa. Sebule ilikuwa ya watu wenye uwezo, makochi makubwa, na kila kochi limevishwa vitambaa mgongoni na mikononi. Juu ya televisheni niliitambua shali ya mama yake. Mama Mchungaji alikuwa dirishani, kwenye kiti cha mbao kisicho na kitambaa, amevaa ileile sweta ya nailoni. Alikuwa amepungua sana. Viatu vilikuwa vinang'aa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Ni Mkatoliki wangu huyo. Mguu?"

"Mzima, mama."

"Na bata?"

Nikasema bata hajambo. Akauliza kama Izigo wameanza kuanika kahawa. Nikasema wameanza, iko uani kila mahali, watu wanaomba jua. Tukakaa. Nje palikuwa na manyunyu yaliyotoka ziwani, na baridi ilipenya dirishani. Maneno yangu yote ya kujitetea yalikuwa yamekwisha kunitoka, kwa hiyo niliitoa tu shali mfukoni nikamwekea mapajani.

Hakuuliza ni nini. Vidole vilipanda juu yake vikitetemeka, vikatafuta ukingo, vikaanza kusoma kuanzia nchani, jani kwa jani, kwenda juu. Mimi nilisimama mbele yake nikiwa nimebana mikono nyuma, mtu mzima mwenye mvi. Vidole vilipita katikati. Vilipita mahali ambapo nilijua pana kasoro ndogo, vikavumilia. Karibu na shingo vilisimama. Vikarudi nyuma, vikaja tena.

"Hapa."

"Ndiyo, mama."

"Jani limegeuka."

"Ndiyo."

"Uliliona?"

"Nililiona."

"Ukaliacha." Alilisema kwa mshangao wa kweli. "Mimi nimekufundisha kuacha?"

"Hapana, mama. Niliogopa kuchelewa."

"Kuchelewa wapi?"

"Kukuchelewa wewe," nilisema.

Vidole vilibaki juu ya lile jani.

"Fumua," alisema.

Basi niliinama. Sikuwa na uchungu naye. Sheria ni sheria, na ningeshangaa kama angesema neno lingine. Niliupata mwisho wa uzi, nikaanza kukitafuta kifundo kwa ukucha, na hapo mkono wake ukashuka juu ya wangu.

"Si leo," alisema. "Leo nina baridi. Niwekee."

Nikamwekea mabegani. Ilikuwa imepinda, begani kushoto ilifika kiwikoni, kulia haikufika. Alizivuta ncha mbili, akazikutanisha kifuani, akazishika hapo. Alijiegemeza, akageuza uso dirishani kama anayeona ziwa.

Bintiye aliingia na sinia la chai, akasimama.

"Mama, hicho kitambaa umekitoa kwenye kochi gani?"

"Si kitambaa. Ni shali. Amenifumia Mkatoliki wangu."

"Mbona imepinda hivi?"

"Imepinda," alisema Mama Mchungaji. "Na imevaliwa."

Nilijishughulisha na sukari kwa muda mrefu, mimi nisiyetumia sukari. Nilifurahi kiasi kwamba sikujua niuweke wapi uso wangu. Tulikunywa chai, tukazungumza habari za Izigo, yaani yeye aliuliza na mimi nikatenda dhambi. Alipoanza kusinzia nilisimama kuaga. Mkono wake mmoja ulikuwa bado umezishika zile ncha, kwa hiyo alinipa mwingine.

"Ukija tena uje na spoku zako," alisema. "Tutaifumua mpaka kwenye lile jani."

"Nije lini, mama?"

"Baridi ikiisha."

Nilitoka nikashuka mlima kwenda stendi. Manyunyu yalikuwa yamekaza, na wingu lote la ziwa lilikuwa linaelekea Muleba, kwenye kahawa iliyoanikwa kila ua, kahawa ya wakulima wangu. Na mimi, bwana shamba mwenye stashahada, nilitembea na mvua ile nikiomba iendelee.